Mshale juu ya VPM si hukumu ya ini



Mwezi uliopita baba yangu mdogo alivuka kwa boti kutoka Ubwari, akafika hapa kwangu Baraka na karatasi moja mfukoni, imekunjwa mara nne. Hakutaka hata kunywa maji kwanza. Alisema: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Nisomee hii."

Ilikuwa karatasi ya NFS, ile hesabu ya damu ambayo labo nyingi za kwetu zinaifanya siku hizi. Mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa kalamu nyekundu: VPM 12,4, na mshale unaoelekea juu. Kule alikopimwa (sitataja mahali) walimwambia hivi: "Plakete zako zimevimba. Maana yake ini lako limejaa mafuta." Wakamuuzia chupa mbili za dawa ya "kusafisha ini", dola 40. Wakamkataza mawese na ndagala wa kukaanga. Muzee ni mvuvi. Ili apate hizo dola 40 aliuza taa mbili za kuvulia usiku. Mvuvi asiye na taa, mnajua wenyewe maana yake.

Mimi si docta. Nina lisansi ya agronomia, mambo yangu ni mihogo, maharagwe na udongo. Lakini hiyo habari ya VPM nilikuwa nimeshaisikia mara mbili kwenye simu, katika zile sauti zinazotumwa kutoka mtu kwa mtu: eti usihangaike na ekografi ya bei kubwa, piga NFS tu, angalia ukubwa wa plakete, utajua kama ini liko na mafuta. Nikajiuliza hayo maneno yametoka wapi. Nikatafuta, nikasoma. Na nilichokuta ni kwamba si uongo mtupu. Kuna utafiti wa kweli nyuma yake, lakini umebebeshwa mzigo ambao hauwezi kuubeba. Hiyo ndiyo kesi ninayotaka kuileta hapa leo.

Tuanze na maneno. Plakete ni vipande vidogo sana ndani ya damu. Ukijikata, ndivyo vinavyokimbilia kuziba. Vinatengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, vinaishi siku 7 hadi 10 hivi, kisha mwili unaviondoa. Kwa kawaida zile changa, zilizotoka kwenye uboho juzi juzi, ni kubwa kuliko za zamani. VPM ni wastani wa ukubwa wa plakete hizo. Inapimwa kwa femtolita, na labo nyingi zinaandika kwamba kawaida ni kati ya 7,5 na 11,5 hivi, kutegemea mashine. Shikeni hilo neno "wastani", tutalirudia.

Ini la mafuta nalo ni hali ambapo zaidi ya 5% ya chembe za ini zimebeba mafuta. Duniani watu wazima karibu 30 katika 100 wanayo, wengi bila kujua. Kwa baadhi yao ini linaanza kupata makovu, na makovu yakizidi, ini linakauka. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana kubadilisha jina la ugonjwa huu. Zamani ulielezwa kwa kile ambacho si: "usiotokana na pombe". Sasa unaelezwa kwa kile kinachouambatana nao: ini liwe na mafuta, na mtu awe na angalau dalili moja ya mwili kushindwa kutumia chakula vizuri, kama unene wa tumbo, sukari, presha, au mafuta mengi kwenye damu. Soma hiyo orodha kuanzia juu hadi chini. Ukubwa wa plakete haumo.

Basi VPM iliingiaje? Mwaka 2010 watafiti wa Uturuki, Özhan na wenzake, walichapisha katika jarida linaloitwa Platelets kwamba wagonjwa wa ini la mafuta walikuwa na VPM kubwa kuliko watu wasio na ugonjwa huo. Wazo lenyewe lina mantiki. Mtu mwenye mafuta kwenye ini mara nyingi ana uvimbe wa chini chini mwilini na insulini yake haifanyi kazi sawasawa. Hali hiyo inaweza kuusukuma uboho utoe plakete kubwa zaidi, na plakete kubwa hushikana haraka zaidi. Kwa kuwa ugonjwa wa moyo ni kati ya mambo yanayowaua sana watu wenye ini la mafuta, si ajabu watafiti walipendezwa na namba hiyo. Tena ni ya bei ndogo, mashine inaitoa yenyewe hata kama hukuiomba.

Lakini mwaka huo huo wa 2010, watafiti wengine wa Uturuki, Kilciler na wenzake, walipima jambo hilo hilo kwa watu wengine na hawakuona tofauti. Mwaka 2016 Madan, John na Pitchumoni walikusanya tafiti zilizokuwapo wakazijumlisha, wakakuta kwamba ukichukua makundi kwa jumla, wagonjwa wana VPM kubwa zaidi kidogo. Hapo ndipo sayansi ilipofika: kidogo, kwa jumla, kwa makundi. Sauti za kwenye simu zimechukua "kundi" zikaweka "wewe".

Sisi wa agronomia kosa hili tunalijua, maana profesa alitupigia kelele siku ya kutetea memwari. Tuseme uko na mashamba mawili ya maharagwe. La kwanza mimea ina urefu wa wastani wa sentimeta 42, la pili sentimeta 45. Umepima mimea 100 kila upande, takwimu zinakubali: tofauti ni ya kweli, si bahati. Vizuri. Sasa mtu anakuletea mmea mmoja wa sentimeta 44 na kukuuliza: umetoka shamba gani? Huwezi kujua. Katika kila shamba kuna mirefu na mifupi, na mashamba yote mawili yamejaa mimea ya 44. Tofauti kati ya wastani mbili inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isikusaidie kitu mbele ya mmea mmoja. Kwenye tafiti za VPM tofauti ya wastani ni kama femtolita moja hivi, mara nyingine chini ya hapo, wakati watu wenyewe, wazima kwa wagonjwa, wanatofautiana kwa kiasi kama hicho au zaidi.

Tuifanye hesabu, na hizi namba ni za mfano tu. Chukua watu 100 wa mtaa wako. Tuseme 10 wana ini la mafuta, 90 hawana. Tuseme mshale wa VPM unawakamata 6 kati ya wale 10, lakini unawasingizia pia 4 katika kila 10 wasio na ugonjwa. Wale 90 watatoa watu 36 waliosingiziwa. Jumla ya wenye mshale ni 42, na wagonjwa wa kweli ndani yao ni 6. Yaani watu 36 watanunua chupa za bure, na wagonjwa 4 waliokosa mshale wataenda nyumbani wakicheka.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili liko ndani ya tyubu yenyewe.

Nilimuuliza baba mdogo: "Walikutoa damu saa ngapi?" Akasema saa mbili asubuhi. "Na majibu?" Saa kumi, kwa sababu umeme haukuwepo, walingoja mafuta ya jenereta. Sasa, damu ya NFS inawekwa kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya kuzuia damu isigande, inaitwa EDTA. Plakete zikikaa ndani ya EDTA zinabadilisha umbo na kuvimba, na mashine nyingi zinausoma huo uvimbe kama ukubwa wa kweli. Watu wa labo wanalijua jambo hili miaka mingi, ndiyo maana tafiti nzuri zinaweka muda maalumu kati ya kutoa damu na kupima. Kwa hiyo VPM ya 12,4 ya muzee ilikuwa imepima plakete zake pamoja na kukosekana kwa mafuta ya jenereta. Mashine haiwezi kukuambia ipi ni ipi. Huko Ulaya tyubu inaweza kufika kwenye mashine ndani ya saa moja. Kwetu inategemea nani ana dumu la mafuta siku hiyo.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni la mahali petu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba kipimo cha mbolea kilichopatikana kwenye udongo wa nchi nyingine huwezi kukileta Fizi na kukimwaga shambani bila kupima udongo wa hapa. Sasa VPM imepimwa hasa kwa watu wa mijini wa nchi ambazo malaria haiko na kichocho hakiko. Hapa kwetu namba hiyo hiyo ina wasukumaji wengine. Malaria inashusha idadi ya plakete, na uboho ukijitahidi kufidia, unatoa changa, zile kubwa, VPM inapanda. Baba mdogo alikuwa ametibiwa malaria wiki mbili kabla. Kichocho cha tumbo, ambacho watu wa maeneo ya maji ya Tanganyika na bonde la Ruzizi wanakijua, kinaweka mayai yake ndani ya ini. Miaka ikipita, ini linapata makovu kuzunguka mishipa, bandama inavimba, nayo inazimeza plakete. Hepatiti B nayo iko, inaharibu ini polepole bila mafuta yoyote. Kila mmoja wa hao anaweza kuichezea mistari ya plakete. Ukiuona mshale ukasema "mafuta", umewaruka wote.

Tena hata neno "ini la mafuta" lina historia yake hapa Kivu, na si historia ya watu wanene. Mwaka 1935 docta Cicely Williams alichapisha katika jarida The Lancet maelezo ya kwashiorkor, aliyoiona kwa watoto wa Ghana ya leo. Baadaye hapa kwetu, Lwiro karibu na Bukavu, ugonjwa huo ulifanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Mtoto wa kwashiorkor ana miguu iliyovimba, nywele zimebadilika rangi, na ini lake limejaa mafuta. Limejaa si kwa sababu amekula sana. Mwili umekosa chakula cha kutosha na ini linashindwa kuyasafirisha mafuta yake nje. Kwa hiyo bibi zetu waliona ini la mafuta kwa mtoto mwenye njaa kabla sisi hatujaanza kulisikia kwa mwenye tumbo kubwa na sukari. Ukileta namba kutoka nje, lazima uulize: inazungumzia ini lipi?

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mashamba, niongeze hili moja. Karanga na mahindi yaliyoota kuvu ghalani yanaweza kubeba aflatoksini, sumu inayolishambulia ini na kuleta kansa yake, na kwa mtu mwenye hepatiti B hatari inazidi mara nyingi. Hiyo sumu haionekani kwenye VPM wala haiondoki kwa chupa ya "kusafisha". Inapunguzwa kwa kuanika vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo, na kutupa zilizooza badala ya kuzisaga unga. Kama mtu anataka kulilinda ini kwa bei ndogo hapa Fizi, aanzie hapo, na kwenye pombe kali za kienyeji.

Turudi kwa muzee. Nilipoiangalia ile karatasi vizuri, niliona kitu ambacho kalamu nyekundu haikukigusa. Mstari wa juu kidogo ya VPM ulikuwa wa idadi ya plakete: 96 elfu, na mshale unaoelekea chini. Kawaida huanzia 150 elfu. Yaani walisoma ukubwa wakaacha hesabu. Ni sawa na mtu kukuambia mihogo yako ni minene bila kukuambia kwamba nusu ya shamba imekufa.

Na hiyo hesabu, wandugu, ndiyo yenye utafiti mzito zaidi kwa mambo ya ini. Tangu mwaka 2006 kuna fomula inaitwa FIB-4. Unachukua umri, unazidisha na ASAT. Kisha unagawanya kwa idadi ya plakete (kwa maelfu) iliyozidishwa na kipeuo cha pili cha ALAT. Ikitoka chini ya 1,3, makovu makubwa ya ini si rahisi kuwepo. Ikipita 2,67, mtu apelekwe mbele. Hospitali tuliyomfikisha baba mdogo ilipima ASAT 48 na ALAT 36. Ana miaka 52. Fanyeni wenyewe: 52 mara 48 ni 2496; kipeuo cha 36 ni 6, mara 96 ni 576; gawanya, inatoka 4,3.

Lakini nisifanye kosa lile lile ninalolilaumu. FIB-4 nayo ilizaliwa kwingine, kwa wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI na hepatiti C kwa pamoja. Inapima uwezekano wa makovu, haipimi mafuta. Na malaria ikishusha plakete, FIB-4 inapanda bila ini kuwa na kosa. Docta aliyemwona alilijua hilo. Hakusema "una hiki". Alisema "hii namba inanilazimisha nitafute". Akatafuta: akampima malaria upya, ikawa hakuna; AgHBs, hakuna; ekografi, ini halina mafuta ya kuonekana lakini mishipa yake imezungukwa na makovu, na bandama ni kubwa; choo, mayai ya kichocho. NFS ilirudiwa, damu ikapita kwenye mashine muda mfupi baada ya kutolewa. VPM ilikuwa 10,4. Idadi ilikuwa 101 elfu, bado chini.

Kwa hiyo mshale ulioogopesha ulipotea, na ule ambao hakuna aliyeusoma ulibaki.

Alipewa prazikwanteli. Docta alitueleza pia kwamba bandama na ini vikiwa hivyo, mishipa ya koo la chakula inaweza kujaa damu na kupasuka. Mtu anaweza kutapika damu na kufa njiani. Atahitaji kupelekwa Bukavu achunguzwe koo kwa kamera, na familia inachangishana sasa hivi. Angemaliza zile chupa mbili, angerudi kununua nyingine mbili, na muda wote huo angeamini anatibiwa. Gharama ya namba iliyosomwa vibaya si dola 40 tu. Ni miezi.

Sasa mtu atasema: basi VPM ni takataka? Hapana. Ni swali zuri ambalo bado halijajibiwa kwa watu kama sisi. Jibu litapatikana hivi: watu wote wafanyiwe ekografi, wenye mshale na wasio nao, damu ipimwe ndani ya muda mmoja uliowekwa, kila mtu apimwe malaria, AgHBs na kichocho, kisha mtafiti asituambie tu kwamba wastani umetofautiana, atuambie mshale umekamata wangapi na umesingizia wangapi. Hiyo ni kazi ambayo wanafunzi wa medisini wa Uvira na Bukavu wanaweza kuifanya pamoja na mtu mmoja wa takwimu. Kwa takwimu mimi niko tayari kusaidia bure.

Mpaka hapo, ukiletewa karatasi na mzazi, usikubali kuwa msomi wa mshale mmoja. Uliza damu ilikaa saa ngapi. Uliza kama alikuwa na malaria karibuni. Soma idadi ya plakete kabla ya ukubwa wake. Na mtu akitaja ini la mafuta bila ekografi, bila kupima sukari, presha wala mzunguko wa tumbo, muulize amelionea wapi. Tukishindwa kumjibu mzazi, tuseme "sijui, twende kwa docta". Hilo jibu halituondolei lisansi.

Madocta na watu wa labo mlio kwenye ukurasa huu, kama kuna mahali nimekosea, nisahihisheni waziwazi. Baba mdogo amenipa ruhusa ya kuandika habari zake kwa sharti moja: kama kuna mtu Baraka ana taa ya kuvulia anayoiuza kwa bei ya kindugu, aniambie.